Mikro mpya za gitare ya Kasereka

Siku ile watu walitoka kanisani katikati ya misa, padri alikuwa ameinua hostia. Nilikuwa nimekaa karibu na korale, waimbaji wetu. Kengele ilikuwa imekwisha kulia, kanisa limenyamaza vile linanyamazaka saa ile, na ndani ya ule ukimya ukasikika muungurumo: mmmmm. Mupole, wa chini, usiokatika. Baba mumoja wa karibu na mulango akasimama, akapiga goti maana ni mutu wa adabu, akatoka inje kuangalia mulima. Mwenzake akamufuata. Halafu mama wenye watoto mugongoni. Goma hapa mutu akisikia kitu kinaunguruma chini hamuulizi jirani. Anaenda kuangalia Nyiragongo, ule mulima wa moto, viatu atavaa njiani. Padri aliposhusha mikono alikuwa amebaki na korale, masista, mimi, na muzee mumoja asiyesikia vizuri.

Mulima ulikuwa umetulia, hata moshi wake ulikuwa kidogo. Kilichounguruma ni gitare ya mujukuu wangu Héritière.

Watu walirudi, wakakaa, misa ikaendelea mpaka mwisho. Matangazo yalisomwa yote. Lakini watu walipokwisha kutawanyika, Papa Achille, mukubwa wa korale, alimuita Héritière pembeni ya sakristia. Na mimi nikaenda, kwa sababu nilikuwa nimebeba mufuko wa gitare.

Papa Achille ni karani, anafunga shati mpaka kifungo cha shingo hata jua likiwaka. Alisema polepole.

“Mwanangu, mimi sina shida na wewe. Nina shida na ile kitu. Imetoa wakristu inje, na padri ameshika Bwana Yesu mikononi. Padri ameniuliza kama siku hizi korale ndiyo inafukuza watu.”

“Papa Achille, ni courant, umeme wa kanisa. Kwetu nyumbani hailii hivi.”

“Kwenu nyumbani muna ampli?”

“Hapana.”

“Bon.”

Akamuangalia Édouard, mutoto wake wa ubatizo, kijana mupole aliyekuwa anakunja waya za kinanda chake cha umeme. “Sikia. Pentekoste inakuja. Gitare ijifunze kunyamaza ikiambiwa kunyamaza. La sivyo, Édouard atakaa pahali pako. Kinanda chake kina sauti zote. Hata sauti ya gitare iko mule ndani.”

“Ziko nyingi, Papa,” Édouard alisema, kwa heshima. “Kuna hata ya Hawaii.”

Gitare ile iliachwa na bwana yangu, marehemu Kasereka. Aliileta kutoka Butembo imefungwa katika blanketi, akaipiga katika ndoa za watu mpaka vidole vikachoka, kisha akamufundisha Héritière. Ni gitare ya umeme. Bila ampli ya kuikuza sauti inalia kama mutu anayekuna sufuria. Kanisani ndiyo pahali pekee tunaisikia sauti yake, na ile kiti karibu na nguzo ndiyo pahali pekee Héritière anaipiga. Siku zingine zote yeye ni fundi wa nguo, anashona mifuko ya watoto wa shule. Njiani kurudi, tulipofika kwa muuza makaa, aliniambia, “Mukaka, nikitoka pale, sitapata pahali pengine.” Mukaka ndiyo jina tunaloitiwa mabibi kwa Kinande. Nilimuambia kesho tuende Ndosho.

Ndosho kuna fundi anaitwa Baharanyi, mutu wa upande wa Bukavu. Anatengeneza radio, ampli na vipaza sauti. Kibanda chake kimejaa radio zilizofunguliwa tumbo, kila moja imewekewa screw zake ndani ya kifuniko cha chupa. Jirani yake anaunganisha milango ya chuma kwa umeme. Jirani akianza kazi, radio zote za kile kibarabara zinalalamika pamoja, na Baharanyi anapenda hivyo. Anasema radio ikinyamaza pale, itanyamaza popote.

Alitoa nyuzi za gitare, akafungua bamba la mbele, akatuonyesha vile visanduku virefu vilivyokaa chini ya nyuzi. “Hizi ndizo mikro,” alisema. “Usifikirie ile padri anasemeaka. Hizi hazisikii kinywa, zinasikia uzi.” Ndani kuna sumaku, na sumaku imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko isiyohesabika. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, waya unaamka, unapeleka habari kwa ampli. Za kwetu zilikuwa zimezeeka. Shaba ilikuwa na kijani, nta iliyoshika waya ilikuwa imekauka na kupasuka, na kutu ilikuwa imekula pembeni.

“Hizi zimechoka,” Baharanyi alisema. “Hata wewe, Mama Masika, ukikaa miaka hii yote unasikia watu wakipiga sebene, ule muziki wa kucheza, ungeunguruma.”

“Mimi nimekaa na mwenye kuipiga,” nilimujibu. “Sijaunguruma.”

Alicheka, akavuta sanduku kutoka chini ya meza. Alikuwa na aina mbili. Za kwanza zilikuwa nyembamba kama za kwetu, mupya, zingali ndani ya plastiki. Anaziita simple, kwa sababu kila moja ina mizunguko ya waya sehemu moja tu. Za pili zilikuwa pana, amezitoa kwenye gitare iliyovunjika shingo. Zile anaziita double. Kila moja ina sehemu mbili zinazokaa bega kwa bega, na waya wa sehemu moja umezungushwa kinyume na mwenzake.

“Juu ya nini kinyume?” Héritière aliuliza.

“Simple inashika uzi, lakini inashika pia kila takataka ya courant inayopita hewani: groupe ya jirani inayotoa umeme, taa, huyu muharibifu wa milango. Double ni kama mashahidi wawili wamesimama wakiangaliana. Uongo wa huyu unafuta uongo wa yule. Kile wanasema pamoja, ndicho uzi.”

“Basi double ndiyo nzuri.”

“Sijasema hivyo. Nimesema inanyamaza.”

Alizishikiza double kwa waya wa muda, akayeyusha bati kidogo kwa chuma cha moto, akaweka nyuzi mbili tatu. Jirani alikuwa kazini, cheche zinaruka mpaka mulangoni kwetu. Katika ampli hakukutoka kitu. Niliinama kuangalia kama taa yake nyekundu inawaka. Ilikuwa inawaka. Héritière akapiga. Sauti ilitoka kubwa, ya duara, yenye uzito, lakini ilikuwa kama mutu anayesema na mukate kinywani.

Halafu alishikiza simple. Jirani alisikika ndani ya ampli mulango muzima, kipande kwa kipande. Lakini Héritière alipopiga, kila noti ilitoka peke yake, imenyooka, inang'aa kama sindano mupya. Mama aliyekuwa anapita na beseni la samaki alisimama. Alisikiliza, beseni kichwani, kisha akaenda zake.

“Unaona?” Baharanyi alisema. “Sebene inataka simple. Hiyo ndiyo kazi yake.”

“Na kule kwa hostia?”

“Punguza kitufe cha sauti.”

“Kikipunguzwa kisha kikaongezwa, kinapiga paa! kama risasi.”

Baharanyi alifikiri. Alisema kwa Goma hii, kati ya muungurumo na paa, afazali muungurumo. Kitufe kingine cha kipimo kile hakuwa nacho, na hata sokoni Birere hajakiona.

“Mukaka, wewe unasema nini?”

Nilimuambia gitare ni yake.

Héritière aliangalia simple, akaangalia double, akazishika mukononi moja moja kama mutu anayechagua viazi. Niliona anavyosikiliza: hakuwa anasikiliza mikro, alikuwa anasikiliza Papa Achille. “Weka double,” alisema.

“Ninyi Wanande,” Baharanyi alisema, “mutu anawaonyesha mali, munachukua ile nzito.”

“Na ninyi wa Bukavu, munauzaka maneno. Weka double.”

Double ni pana, haziingii katika tundu la simple. Kwa hiyo alichukua patasi na nyundo, akaanza kupanua mbao ya gitare ya Kasereka. Vipande vilianguka chini, vyeupe ndani, vyekundu inje. Héritière aligeuka kuangalia radio. Mimi niliangalia kazi mpaka mwisho, kwa sababu mutu akifungua kitu chako, ni vizuri mutu wa kwako aangalie.

Juma ile ile tulienda mazoezini. Mimi si mwanakorale, lakini wananijua, wananipa kiti. Papa Achille alisema watu wote wanyamaze, akasimama katikati ya kanisa na kidole juu. Gitare imechomekwa, ampli inawaka. Kimya. Mujusi alisikika kwenye bati.

“Voilà,” alisema. “Mwanangu, umeokoa kiti chako. Tuanze.”

Walianza na wimbo wa matoleo. Héritière alipiga mwanzo wake, ule mwanzo mufupi ambao sote tunaujua, kisha sauti ya pili wakaingia. Waliingia pahali ambapo sijapata kuwasikia. Si juu, si chini. Soprano waliokuwa wanangoja nyuma yao wakasita, wengine wakawafuata, wengine wakabaki, na baba wa besi wakaendelea peke yao kwa uaminifu.

Papa Achille alipiga mukono. “Sauti ya pili. Mama Wivine. Mumelala?”

Mama Wivine ndiye anaongoza sauti ya pili. Ni mama munene, anauza mafuta ya kupaka, na hakubali kuambiwa amelala. “Papa Achille, sikulala. Nilikuwa nangoja noti yangu, haikukuja.”

“Imekuja. Gitare imepiga.”

“Imepiga kitu. Mimi nashikaka kale kamulio kembamba ka juu, kanakuja kama kutobola sikio, ndipo naingia. Leo ni bum, bum. Bum ni ya baba.”

“Tena,” Papa Achille alisema.

Walirudia. Sauti ya pili waliingia pahali pengine, papya, wote pamoja, kwa nguvu. Walirudia tena. Mama mumoja akasema afazali waimbe bila gitare, mwingine akasema hata hivyo ndiyo wanaimba sasa. Édouard, aliyeombwa, aliwapa noti kwa kinanda chake, lakini aliacha kifungo kwenye ile sauti ya Hawaii, noti ikaja ikiyumba, nao wakaingia wakiyumba.

Papa Achille alikaa kwenye benchi, akafungua kifungo cha shingo. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona shingo yake.

“Kwa hiyo,” alisema, “niko na gitare inayonyamaza na korale isiyoimba. Ama niko na korale inayoimba na gitare inayofukuza watu.”



“Papa,” Héritière alisema, “nipe mpaka siku ya mwisho ya mazoezi. Nazirudisha simple.”

“Na muungurumo?”

“Sijui bado.”

“Sijui ni neno la Pentekoste?” Lakini alimupa.

Baharanyi hakutucheka. Alitoa double, akaweka zile simple mupya, na kwa sababu tundu sasa lilikuwa pana, alikata bamba kutoka kwa bidoni ya bati ya mafuta ya kupikia, akalifunika. Upande mumoja bado unaonekana mukia wa kuku aliyechorwa. Alikuwa ameahidi kwamba simple mupya zitaunguruma kidogo sana kuliko zile za zamani, kwa kuwa nta yake ni mupya. Tulizipeleka kanisani pamoja naye, akachomeka. Mmmmm. Sawasawa na zamani.

“Nilidanganyika,” Baharanyi alisema. Alizima, akawasha, akageuza gitare huku na huku. Alipoweka kidole juu ya nyuzi, muungurumo ulipungua. Alipotoa, ukarudi. Akaacha gitare, akaanza kufuata ukuta kama mutu aliyeangusha pete. Alifuata waya kutoka prise, pale ampli inachomekwa, mpaka dirishani, akatoka inje, nasi nyuma yake, Papa Achille pia, aliyekuwa amekuja kuangalia.

Kila nyumba ya umeme inapaswa kuwa na waya mumoja unaoingia ndani ya udongo, ili takataka ya courant ishuke kule na isisumbue watu. Waya ule tuliuona. Ulishuka ukutani umenyooka, umepigiliwa vizuri, ukafika chini. Na kule chini, kwa vile kanisa limejengwa juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano, ulikuwa umefungwa kwenye jiwe. Fundi wa zamani, ambaye hakuna anayekumbuka jina lake, alikuwa ameambiwa aufunge chini, naye aliufunga chini. Alitumia fundo zuri sana.

“Jiwe hili halinywi courant,” Baharanyi alisema. “Nusu ya makelele ni ya mikro. Simple ni simple, ile sitakudanganya tena. Lakini nusu ingine ni ya hapa. Tunataka udongo. Udongo wa kweli, munono, wenye kushika maji.”

Papa Achille aliangalia kiwanja. Makoro mpaka kwenye ukuta, na baada ya ukuta makoro ya jirani. “Udongo,” alisema. “Goma.”

Hapo nilisema nitauliza Mukashyaka.

Mukashyaka ananiletea kabichi na puaro kutoka Kibumba, ambako udongo ni mweusi na mulaini, ukipanda fimbo inaota. Nilimuomba anijazie magunia ya udongo, aweke juu ya kabichi. Aliniuliza kama nimekuwa mugonjwa. Nilimuelezea yote, mikro na jiwe na sauti ya pili. Alisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akaniuliza tena kama nimekuwa mugonjwa. Lakini aliyaleta. Kwenye barrière ya njiani askari walimusimamisha.

“Mama, ndani ya gunia muko nini?”

“Udongo.”

“Udongo wa nini?”

“Wa gitare.”

Waliingiza fimbo ndani ya gunia, wakakuta udongo. Waliingiza ndani ya lingine, wakakuta udongo. Mukubwa wao akaitwa, akachukua kidogo, akanusa, akamuambia Mukashyaka apite na asirudi kuwapotezea muda.

Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilileta magunia mpaka sakristia. Kulikuwa na ufa kati ya makoro, mahali watu walikuwa wanatupa maua yaliyokauka. Baharanyi alisimamisha ndani yake muti murefu wa shaba, akaufunga na waya, tukajaza udongo wa Kibumba, makaa yaliyopondwa na chumvi, tukashindilia kwa miguu. Mama Wivine alishindilia kuliko sote. Halafu tukamwaga maji. Baharanyi alisema udongo ule usikauke hata siku moja, kwa hiyo sauti ya pili wakapewa kazi ya kuumwagilia. Kabla ya juma kwisha walikuwa wamekwisha kupanda mboga za lengalenga juu yake, maana Mama Wivine alisema hawezi kumwagilia kitu kisichoota.

Siku ya mwisho ya mazoezi Papa Achille alisimama tena katikati ya kanisa na kidole juu. Héritière alikuwa kwenye kiti chake karibu na nguzo, mikono juu ya magoti, uso umekauka. Édouard alikuwa amekwisha kuchomeka kinanda, kimefunikwa kitambaa cheupe. Ampli ikawashwa. Tulisikiliza.

“Bado kuna kitu,” Papa Achille alisema.

Kilikuwepo. Kidogo sana, kama nzi ndani ya chupa iliyofungwa.

“Ni tumbo langu,” Mama Wivine alisema. “Tangu asubuhi nimekunywa chai tupu.”

“Mama Wivine, tumbo lako liko kushoto. Ile iko kuume.” Alitembea mpaka kwenye ampli, akapiga goti, akaweka sikio. Alikaa vile, macho amefunga. Alienda mpaka kwenye mulango mukubwa, akasikiliza kutoka kule. Alirudi mpaka katikati, akasikiliza. Alienda altareni, pahali padri anasimamaka, akasikiliza. Héritière aliangalia nyuzi.

“Piga,” Papa Achille alisema.

Alipiga ule mwanzo. Ulitoka mwembamba, mweupe, ukapanda mpaka kwenye bati, na sauti ya pili wakaingia juu yake wote pamoja, pale pale pao, kama watu wanaoingia nyumbani kwao bila kuwasha taa. Soprano wakafuata. Waliimba mpaka ubeti wa mwisho na Papa Achille hakuwasimamisha. Hakupiga hata mukono. 

“Édouard,” alisema, “toa kinanda kile hapo njiani. Watu watajikwaa.”

Édouard alikunja kitambaa chake cheupe, nadhani alifurahi, maana Pentekoste shangazi yake alikuwa na karamu.

Siku ya Pentekoste kanisa lilijaa mpaka inje. Padri aliinua hostia, kengele ikalia, watu wakabaki pahali pao. Héritière alikuwa ameinamisha kichwa, na lile bamba la mafuta ya kupikia lilikuwa linang'aa kwenye gitare yake kuliko kikombe cha altare.

Baada ya misa nilimungoja na mufuko. Papa Achille alikuja akipangusa jasho, akamusimamisha. Niliona mabega ya mujukuu wangu yanapanda.

“Wimbo ule wa Mwana-Kondoo,” Papa Achille alisema. “Umekimbia. Wazee wa besi wamebaki nyuma. Jumapili ijayo, polepole.”

“Ndiyo, Papa Achille,” Héritière alisema. “Jumapili ijayo, polepole.”

Nilimupa mufuko. Aliufungua, akalaza gitare ndani, na zipu ilimushinda kufunga, macho yangali kwenye kile kiti karibu na nguzo. Nikaifunga mimi.